Ukarabati wa nyaya za taa za mapambo

Taa za mapambo za volti ndogo ni taa zilizoungwa katika waya mrefu ambazo hutumia umeme wa volti 12 au 24 badala ya volti 230 za nyumbani nchini Tanzania. Siku hizi nyingi ni za LED. Umeme wake hutoka kwenye adapta, au kwenye betri inayochajiwa kwa sola. Hupamba kumbi za harusi, maduka, bustani na makanisa.

Katika mji wa Ifakara na Bonde zima la Kilombero, adui mkubwa wa nyaya hizo ni unyevu. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, hivyo taa za Krismasi hutundikwa nje wakati mbaya. Maji yakipenya kwenye plastiki iliyopasuka, shaba huota kutu ya kijani na taa hufifia. Panya nao hutafuna waya, na jembe hukata uliofukiwa bustanini.

Kabla ya kukata chochote ni lazima kuhakikisha kwamba taa zina adapta, na kusoma volti zilizoandikwa juu yake. Kuna taa zinazofanana nazo kabisa lakini huchomekwa moja kwa moja ukutani: balbu ni ndogo, ila waya hubeba volti 230 zinazoweza kuua. Hizo ni kazi ya fundi umeme. Mara nyingi kununua mpya ni nafuu zaidi.

Baada ya kuchomoa adapta, sehemu iliyoharibika hukatwa mpaka ionekane shaba inayong'aa. Ncha humenywa kama sentimita 1 au 2, chanya husokotwa na chanya, hasi na hasi, kisha hulehemiwa kwa risasi. LED zikigeuziwa nyaya kwa kawaida haziwaki. Kila kiungo hufungwa tepu ya umeme peke yake. Cha nje huhitaji pia kinga dhidi ya maji, kwani tepu pekee haizuii mvua.

Volti ndogo haiondoi hatari ya moto. Taa za wati 60 huvuta ampea 5 kwa volti 12, lakini kama ampea 0.26 tu kwa volti 230. Kwa hiyo kiungo kilicholegea hupata joto hadi kuyeyusha plastiki. Waya mwembamba ukirefushwa mno, taa za mwisho hufifia hata kama viungo vyote ni vizima.