Uzi Mdogo, Taka Isiyooza

Mwaka 2006 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Hatua ile ilikuwa ya busara, na Tanzania Bara ilifuata mkondo huo tarehe 1 Juni, 2019. Lakini mfuko ni taka kubwa, huonekana kwa macho. Ipo taka nyingine, nyembamba mithili ya unywele, ipitayo bandarini bila ya kuulizwa. Leo tunapenda kuuzungumzia uzi wa kusafishia meno.

Wapo watakaosema tumekosa la kuandika. Sisi hatuoni hivyo. Mswaki, uwe wa dukani au wa mti, haufiki vizuri baina ya jino na jino. Ukoga ukiachwa humo ufizi huvimba na jino huoza, na kwa wengi wetu jino lililooza dawa yake ni moja tu: kung'olewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo hatusemi uzi usitumiwe, tunasema uchaguliwe. Uzi mwingi uuzwao leo ni wa nailoni, na mwingine ni wa plastiki ya aina ya Tefloni. Kipimo kinachoshauriwa kwa siku ni kama sentimita 45, yaani mkono mmoja kwa hesabu ya wazee wetu, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Mtu mmoja, basi, humaliza mita 164 kwa mwaka, na nyumba ya watu watano zaidi ya mita 800, mbali na vikasha vyake. Uzi huo hauozi. Na kisiwa si bara: kinachoshuka melini hakirudi kilikotoka. Ama hufukiwa, ama huchomwa moshi ukavutwa na jirani, ama huishia katika bahari ile ile inayotulisha.

Ni makosa kudhani kwamba uzi wa meno hauna budi kuwa wa plastiki. Mganga wa meno wa Marekani, Levi Spear Parmly, aliushauri katika kitabu chake cha mwaka 1819, na uzi wake ulikuwa wa hariri iliyotiwa nta. Nailoni ilishika nafasi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, hariri ilipoadimika. Hariri haikushindwa kazi, ilikosekana tu.

Siku hizi biashara imegundua kwamba wanunuzi wanayajali mazingira, na vikasha vimechorwa majani ya kijani. Tunawatahadharisha wasomaji wetu wasinunue picha. Uzi uitwao wa mkaa wa mianzi mara nyingi ni poliesta iliyotiwa mkaa. Uzi wa mahindi nao ni plastiki, ijapokuwa asili yake ni mmea. Huoza upesi katika mitambo maalumu yenye joto kali, wala si katika jaa letu la Kibele au mchangani ufukweni.

Kipo kipimo kisichohitaji maabara, nacho ni kibiriti. Kata kipande kidogo cha uzi, ukishike kwa kibanio juu ya sahani, mbali na watoto na mafuta ya taa, kisha ukiwashe. Hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalovunjika kwa kidole. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha tonge gumu. Pamba hunuka kama karatasi. Hiyo si plastiki, lakini hutoka nyuzinyuzi na kunasa menoni.

Kuhusu bei, hariri iliyokwisha kutiwa nta ndani ya kichupa ni ghali. Mwenye uwezo na anunue kichupa mara moja, baadaye anunue uzi wa kujazia tu. Asiye na uwezo anaweza kutafuta kibonge cha hariri halisi, nyeupe, isiyotiwa rangi, akaijaribu kwa kibiriti kwanza, kisha akaupitisha uzi juu ya nta safi ya nyuki, ambayo wafugaji wetu wa Unguja na Pemba wanayo. Hariri ni dhaifu kuliko nailoni, hivyo itumiwe taratibu bila ya kuukata ufizi. Uzi uliokwisha kutumika usioshwe ukarudiwa. Huo si ubanaji wa matumizi bali ni kujitafutia maradhi.

Na ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu, kianze dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na usiku. Mswaki wa mti tusiudharau, kwani Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake tangu miaka ya 1980. Nao ukiisha huoza ukawa udongo.

Tunaiomba Serikali mambo matatu. Kwanza, kila kikasha cha uzi wa meno kiingiacho nchini kionyeshe kwa Kiswahili uzi huo umetengenezwa kwa kitu gani. Pili, mahoteli yanayowawekea wageni vifaa vya meno vya plastiki yatangulie kubadilika, kwa kuwa yana uwezo wa kununua kwa jumla na kuiteremsha bei kwa wote. Tatu, vituo vya afya na skuli zifundishe matumizi ya uzi, kwani kitu kisichojulikana hakichaguliwi.

Marufuku ya mifuko ilituonyesha kwamba visiwa vyetu vinaweza kutangulia. Tusingoje uzi huu ujae ufukweni ndipo tuuone. Afya ya kinywa isinunuliwe kwa gharama ya bahari, wala mwananchi wa kipato kidogo asilazimike kuchagua baina ya meno yake na kisiwa chake.