Arshile Gorky na Kijiji Alichokificha

Vitabu vya historia ya sanaa humtaja Arshile Gorky miongoni mwa waliofungua njia ya uchoraji dhahania nchini Marekani. Sifa hiyo ni yake kwa haki. Lakini vingi huanza kumsimulia akiwa New York, na hapo ndipo vinapompunja.

Jina lake la kuzaliwa ni Vostanik Adoian. Alizaliwa Khorkom, kijiji cha Waarmenia kando ya Ziwa Van, enzi za Milki ya Osmani. Baba alitangulia Marekani kutafuta riziki. Mwaka 1915, Waarmenia walipouawa kwa halaiki, mama yake, Shushan, alikimbia na watoto hadi Yerevan. Huko, mwaka 1919, mama alikufa kwa njaa. Mwaka uliofuata kijana na dada yake, Vartoosh, walifika Marekani.

Ugenini alijiita Gorky, akidai udugu na mwandishi Mrusi Maxim Gorky. Wapo wanaomlaumu kwa uongo huo. Lakini Wamarekani wa siku hizo waliwajua Waarmenia zaidi kama watu wenye njaa wa kuchangiwa chakula. Kijana aliyetaka kuheshimiwa kwa kazi yake alikimbia kuhurumiwa.

Kwenye turubai hakuweza kukimbia. Alikuwa na picha iliyopigwa Van mwaka 1912 ili apelekewe baba: mtoto amesimama na maua mkononi, mama ameketi, kajitanda kichwani, amevaa aproni ya maua. Kutokana na picha hiyo alichora michoro miwili mikubwa, Msanii na Mama Yake, akaishughulikia kwa miaka mingi. Alipaka rangi, akakwangua kwa wembe mpaka uso ukalainika, akapaka tena. Maua ya aproni yamefutika. Viganja vya mama ni mabaka meupe yasiyo na vidole. Macho peke yake ndiyo yaliyokamilika.

Alilaumiwa pia kwa kuwafuata mno Cézanne na Picasso. Kwa mtu aliyejifunza mengi kwa kuzikodolea macho kazi za mabingwa, huo ulikuwa uanagenzi. Sauti yake mwenyewe ilisikika aliporudi nyumbani kwa kumbukumbu. Michoro aliyoiita Bustani ya Sochi, kwa jina la mji wa Urusi, kwa hakika ni bustani ya baba yake kule Khorkom.

Miaka ya mwisho ilimwelemea. Mwaka 1946 studio yake iliungua, kisha akapasuliwa kwa saratani. Julai 1948, wiki chache baada ya ajali ya gari iliyomvunja shingo, alijiua.

Leo mchoro mmoja wa mama yake uko makumbusho ya Whitney, New York, na mwingine uko National Gallery of Art, Washington. Marekani ilimpa mahali pa kuchorea na wenzake wa kushindana nao. Alichokichora alikuja nacho. Anayetaka kumwelewa mchoraji mhamiaji, Gorky au mwingine yeyote, na aanze kumsoma kule alikotoka.