Kitabu si barua: usikiandike katika faili moja

Miaka miwili mfululizo, kila mwisho wa mwezi, nilifunga safari kwenda kwa nyanya yangu mashambani. Tulikaa jikoni, yeye akichochea moto, mimi na daftari mapajani. Kila alipofika mahali patamu alinikazia macho na kuniuliza: "Mjukuu wangu, hilo nalo umeliandika?"

Nililiandika. Nikirudi Nairobi nilipiga chapa kila kitu katika faili moja ya kompyuta, kurasa 180 zisizo na sura wala kichwa. Kisha nyanya akafariki. Wiki chache baada ya mazishi, nikiwa ninahamisha habari za arusi yake kutoka ukurasa wa 150 kwenda mwanzoni, stima ikapotea. Faili ilipofunguka tena ilijaa alama zisizosomeka. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi saba nyuma. Madaftari nilikuwa nimeyatupa, nikidhani kazi yake imekwisha.

Basi msomaji, ikiwa una riwaya, tasnifu au historia ya ukoo inayokukera kichwani, sikiliza nilivyoanza upya.

Tatizo halikuwa stima pekee. Programu tulizozoea huonyesha maandishi kama ukanda mmoja mrefu. Kwa barua ya kurasa mbili hakuna taabu. Lakini jaribu kulinganisha sura ya pili na ya kumi. Utapanda na kushuka mpaka kidole kichoke.

Mwingereza mmoja, Keith Blount, alikerwa na jambo hilo hilo. Alitaka kuandika riwaya, akakosa chombo cha kumfaa, akajifundisha kuunda programu. Ndivyo ilivyozaliwa Scrivener, iliyotoka mwaka 2007 kwa kompyuta za Mac na mwaka 2011 kwa zile za Windows.

Ndani yake kila tukio hukaa peke yake, na yote hupangwa katika orodha iliyo kushoto mwa skrini. Ukitaka arusi itangulie, unaishika kwa kipanya na kuivuta juu, basi. Ukipenda, unayatazama matukio kama kadi zilizobandikwa ubaoni, kila moja na muhtasari wa mistari miwili mitatu. Picha za zamani na utafiti wako hukaa pembeni, bila kuingia kitabuni. Mwishowe programu huunganisha vipande vyote kuwa mswada mmoja wa kumpelekea mchapishaji.

Hapa ndipo wengi hukwama. Vitufe ni vingi ajabu, nami jioni ya kwanza nilikaribia kuifuta. Dawa ni kuviacha. Fungua mradi mtupu, tengeneza vipande vitatu, uviandike. Muda wa majaribio ni siku 30, lakini huhesabiwa zile siku unazoitumia tu. Mwenye kuandika Jumamosi na Jumapili pekee atakaa nayo wiki 15 kabla ya kulipa.

Mwanafunzi asiye na fedha asikate tamaa. Kuna yWriter ya Windows, iliyoundwa na mwandishi wa riwaya Simon Haynes, nayo ni ya bure. Hata Word inatosha, au LibreOffice ambayo pia hailipiwi, mradi kila kichwa cha sura ukipe mtindo wa kichwa badala ya kukikoleza wino tu. Hapo unaweza kufungua orodha ya sura kando na kuzihamisha kwa kuzivuta.

Jihadhari na jambo moja: kwenye Windows, mradi wa Scrivener ni folda nzima. Ukimtumia mwenzio ile faili moja tu yenye jina la kitabu, hataona kitabu chenyewe. Ibane folda yote, ndipo uitume. Programu hujiwekea nakala za akiba, lakini kwa kawaida ziko ndani ya kompyuta ile ile ambayo mwizi anaweza kuondoka nayo. Mimi huweka nakala moja kwenye flashi, na nyingine hujitumia kwa barua pepe kila Ijumaa.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za msalani katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Askari jela walizinyakua, na kwa bahati zikarudishwa. Zangu hazikurudi.

Sasa nimefikia sura ya nne. Kadi ya arusi ipo ubaoni, ila haina neno. Shangazi yangu anasema anakumbuka kiasi, na Jumamosi nitakwenda kwake na daftari jipya.