Matikiti na Samaki kwa Maji Yaleyale: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Chama Kutoa Pesa

Mkazi wa Kayole, Donholm au Njiru aliye na uwanja mdogo nyuma ya nyumba anaweza kufuga tilapia na kuvuna matikiti kwa maji yaleyale. Mfumo huo huitwa akwaponiki. Vyama na vikundi vya vijana hushawishiwa kununua mitambo iliyo tayari, na mara nyingi picha ya tikiti lililoning'inia ndiyo inayouza. Tikiti linawezekana, lakini ni miongoni mwa mimea migumu zaidi kwa mfumo huu, na ni vizuri mtu ajue hivyo kabla ya kutoa akiba yake.

Kazi yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Samaki hula na kutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ni chakula cha mimea. Mizizi hufyonza nitrati na maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafishwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha, na wakati wa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Anayejaza tangi leo na kumimina samaki wote kesho atawapoteza kwa amonia.

Sasa hesabu. Tangi la lita 1,000 katika mfumo mdogo lisibebe zaidi ya kilo 20 za samaki. Samaki hao, maji yakiwa na joto, hula takriban gramu 300 kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wa mwaka 2014 unasema kila mita mraba ya mimea ya matunda huhitaji gramu 50 hadi 80 za chakula cha samaki kwa siku. Tangi moja basi hulisha mita mraba nne au tano. Ukipanda miche miwili kwa kila mita, una miche kumi hivi, na kila mche ukibeba matunda mawili, utavuna matikiti 20 baada ya miezi mitatu. Anayekuahidi mamia ya matikiti kwa tangi moja, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Kwa miezi hiyo mitatu tangi litakula kama kilo 27 za chakula. Kilo moja na nusu hadi mbili za chakula hutoa kilo moja ya samaki, kwa hivyo uzito wa samaki utaongezeka kilo 13 hadi 18. Ndiyo maana inafaa biashara isimame kwa samaki na mboga kwanza, yaani sukuma, spinachi na managu, nalo tikiti liwe nyongeza ya msimu wa joto. Tikiti maji kubwa huletwa sokoni kwa lori kutoka Makueni, Kajiado na hata Tanzania, na hutaweza kushindana na bei hiyo. Afadhali tikiti dogo tamu, lile lenye harufu, la kilo moja hivi, na uwe na mnunuzi wa hoteli au duka la juisi kabla ya kupanda.

Baridi ya Nairobi haipewi uzito unaostahili. Tikiti hupenda nyuzi 22 hadi 30, na tilapia hukua vyema kwenye nyuzi 27 hadi 30. Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi karibu nyuzi 12. Samaki hupunguza kula, bakteria hulegea, na mche wa tikiti hudumaa. Kivungulio cha plastiki husaidia, lakini usijidanganye kuwa kitaufanya Julai kuwa Januari.

Jambo la pili ni stima. Tangi lililojaa samaki likikosa hewa, samaki huanza kufa kwa saa chache, na hatari ni kubwa zaidi usiku. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri si anasa. Inunuliwe siku ileile ya tangi. Stima ikipotea na betri ikiisha, acha kulisha, chota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena.

Wengi hushangaa tikiti likiwa kubwa lakini halina utamu. Chakula cha samaki kina nitrojeni nyingi na potasiamu kidogo, nayo tikiti bila potasiamu halipati sukari. Majani ya chini huungua kingo. Maji ya mfumo huzidi kuwa na asidi kadiri siku zinavyopita, kwa hivyo yakishuka chini ya pH 6.5 tumia potasiamu kaboneti kidogo kidogo kuyarudisha, wiki nyingine chokaa. Usitumie magadi: yataleta sodiamu ambayo mmea hauwezi kuitumia. Kokoto nazo zipime kwa siki kabla ya kununua. Zikitoa povu zina chokaa na zitapandisha pH kupita kiasi. Panda tikiti kwenye kokoto zenye kina cha sentimita 30, si ndani ya paipu, kwa kuwa mizizi yake huziba paipu.

Ndani ya neti nyuki hawaingii. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, chuma ua dume na uligusishe ua jike, lile lenye kitikiti kidogo nyuma yake. Tunda likifikia ukubwa wa ngumi, lifunge kwa wavu ili lisiuvunje mmea.

Usinyunyize dawa ya wadudu. Hata pareto, inayosifiwa kuwa ya asili, huua samaki. Tumia mitego ya manjano yenye gundi na neti nzuri. Maji ya mfereji yaache wazi siku moja au mbili klorini itoke. Maji ya mto Nairobi yasiingie kabisa. Na usiweke tangi juu ya paa la ploti bila kuuliza fundi wa majengo, kwa maana lita 1,000 ni tani moja.

Kilimo cha jijini kinasimamiwa na sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015, kwa hivyo kabla ya kujenga zungumza na afisa wa kilimo wa kaunti ndogo yako. Vifaranga, ikiwezekana madume pekee ili wasizaane tangini, ulizia kituo cha utafiti wa samaki cha Sagana. Mfumo ukianza Mei kwa samaki wachache na sukuma, utakuwa umekomaa Septemba, wakati wa kupanda miche ya tikiti itakayovunwa Desemba.