Kiimbo, Toni na Mwanafunzi wa Kichina Jijini Nairobi

Kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi, ilhali toni ni kidatu kinachotofautisha maana ya neno. Wanaisimu huzitenga dhana hizi kwa urahisi, lakini ulimi wa anayejifunza lugha ya kigeni huzichanganya. Mfano bora umo katikati ya jiji la Nairobi, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika ilianzishwa mwaka 2005.

Kiswahili si lugha ya toni. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache: barabára ni njia, barábara ni sawasawa. Aidha, kauli "Anauza" hugeuka swali, "Anauza?", kwa kiimbo pekee, hata pasipo "je".

Mzungumzaji wa Kiswahili huingia darasani na mazoea hayo. Katika Kichina sanifu, chenye toni kuu nne, mǎi, yenye sauti ya chini, ni "nunua"; mài, yenye sauti inayoporomoka, ni "uza"; na mái, yenye sauti inayopanda, ni "fukia". Anayekusudia kuuliza "Unauza?" akaipandisha silabi hiyo Kiswahili-Swahili, huenda akasikika akiuliza habari za kufukia. Kwa mfanyabiashara anayeagiza bidhaa kutoka Guangzhou, kosa hilo si dogo. Salama yake ni kiulizi ma, ambacho hufanya kazi inayokaribiana na ya "je" lakini huja mwishoni: Nǐ mài ma? Kichina nacho kina kiimbo cha swali, ila kiimbo hicho hakifuti toni ya neno.

Hata hivyo, wanafunzi wengi wa Nairobi si wageni wa toni. Kikuyu, Kikamba na Dholuo ni lugha za toni, ingawa maandishi yake ya kawaida hayazionyeshi. Wasemaji huzitumia bila kuzitambua. Mwalimu angeweza kuanzia hapo: kwanza jozi za maneno ya lugha ya mama, kisha jozi za Kichina, hatimaye neno lile lile ndani ya kauli na ndani ya swali. Neno linalotamkwa vyema peke yake huweza kupotoka pindi linapoulizwa.

Mchina anayejifunza Kiswahili hukabiliwa na kinyume chake: hana budi kuiachia sentensi sauti aliyozoea kulifunga nayo neno. Kwa hiyo, kiimbo cha Kiswahili nacho kinastahili kufunzwa kwa makusudi, wala si kuachwa kiokotwe njiani.