Altaïr wa mchezo wa video na Waismailia wa historia: wapi hadithi inaachana na ukweli

Mchezo wa video wa Assassin's Creed, uliotolewa mwezi Novemba 2007 na studio ya kampuni ya Ubisoft iliyoko Montreal nchini Kanada, umewafanya vijana wengi walifahamu jina la Altaïr Ibn-La'Ahad kabla ya kusoma lolote kuhusu Vita vya Msalaba. Mhusika huyo, anayevaa joho jeupe lenye kofia inayomfunika uso, ni muuaji wa siri anayetumwa Damascus, Acre na Jerusalem mwaka 1191 kuwaondoa watu tisa duniani. Altaïr hakuwahi kuishi. Lakini ngome anakotoka ipo hadi leo nchini Syria, kundi analolitumikia limebuniwa kutokana na jamii ya kweli, na warithi wa imani ya jamii hiyo ni wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Msikilizaji wa Kiswahili ataona kwamba majina ya mchezo huo si mageni kabisa. Al Mualim, mkuu wa kundi, ni mwalimu tu. Altaïr maana yake ni arukaye, na Ibn-La'Ahad ni mwana wa asiyekuwepo. Asiyejua Kiarabu anaweza kudhani limo neno ahadi, kumbe ni ahad, yaani mmoja.

Chanzo cha jamii hiyo ni mgogoro wa urithi. Mwaka 1094 alifariki al-Mustansir, khalifa wa Kifatimi mjini Cairo, na wafuasi wake wa madhehebu ya Kiismailia wakagawanyika. Wengine walimfuata mwanawe al-Musta'li, wengine wakashikilia kwamba haki ilikuwa ya kaka yake, Nizar. Mgawanyiko huo unaonekana hata katika miji ya pwani yetu: Mabohora wanatokana na upande wa al-Musta'li, ilhali Waismailia wanaomfuata Aga Khan wanatokana na upande wa Nizar. Huko Uajemi, Hassan-i Sabbah, aliyeitwaa ngome ya Alamut mwaka 1090, aliunga mkono upande wa Nizar. Tawi la Syria lilikuja kuwa na makao Masyaf, na katika nusu ya pili ya karne ya 12 liliongozwa na Rashid al-Din Sinan, ambaye Wazungu walimwita Mzee wa Mlimani. Ni yeye aliyegeuzwa kuwa Al Mualim.

Waismailia wa Nizar walikuwa wachache, wamezungukwa na dola zenye majeshi makubwa wasiyoweza kukabiliana nayo uwanjani. Silaha yao moja ikawa kumlenga kiongozi badala ya jeshi lake. Mwaka 1092 aliuawa Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa Waseljuki, na mauaji hayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa yao. Salahuddin al-Ayyubi mwenyewe alinusurika mara mbili, kisha mwaka 1176 akaizingira Masyaf na kuondoka bila kuiteka.

Hapa ndipo mchezo unapoachana kabisa na historia. Altaïr huchoma kisu kilichofichwa mkononi, hupanda juu ya mapaa, hujirusha kwenye rundo la nyasi kavu na kutoweka. Fidai wa kweli kwa kawaida hakutoroka. Alishambulia hadharani, mara nyingi msikitini au mbele ya umati, akijua kwamba atauawa papo hapo. Neno fidai linatokana na mzizi mmoja na fidia yetu: mtu aliyejitoa yeye mwenyewe. Bila shaka mchezo ambao mhusika wake hufa kila anapofanikiwa usingepata wanunuzi wengi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa familia ya Montferrat. Katika mchezo, Altaïr anamuua William wa Montferrat mjini Acre. Katika historia, aliyeuawa ni mwanawe, Conrad, aliyekuwa amechaguliwa karibuni kuwa mfalme wa Jerusalem. Tarehe 28 Aprili 1192 alichomwa visu na watu wawili katika barabara ya mji wa Tyre. Wapo waliomshuku Mfalme Richard wa Uingereza kuwa ndiye aliyewatuma, na mwanahistoria Ibn al-Athir alimtaja Salahuddin. Suala hilo halijapata jibu hadi leo.

Jina lenyewe la assassin lina uchungu wake. Linatokana na neno la Kiarabu linalohusiana na hashishi, ambalo mahasimu wa Waismailia walilitumia kama tusi, kwa maana ya watu duni wasio na maadili. Wazungu walilichukua kwa maana ya moja kwa moja, na hadithi zikakua: kwamba vijana walileweshwa, wakaingizwa katika bustani iliyofanana na pepo, kisha wakaahidiwa kurudi humo baada ya kuua. Marco Polo aliieneza hadithi hiyo, ingawa Alamut ilikwisha kuangushwa na Wamongolia mwaka 1256, kabla hajafika Uajemi. Mwanahistoria Farhad Daftary ameonyesha kwamba vyanzo vya Kiislamu vya wakati ule, hata vile vya maadui, havisimulii matumizi hayo ya bangi. Kauli maarufu ya kundi la Altaïr, inayokana ukweli wote na kuhalalisha kila tendo, nayo ilienezwa na riwaya ya Vladimir Bartol wa Slovenia, iliyochapishwa mwaka 1938. Si mafundisho ya Waismailia.

Sisi tunaotafsiri habari hukutana na neno hilo karibu kila wiki, na Kiswahili hutuepusha na mtego wake: tunaandika muuaji, au tunasema fulani ameuawa kwa kuviziwa, bila kuigusa dini ya mtu.

Jambo hilo lina uzito katika nchi jirani. Waismailia wengi wa Afrika Mashariki ni wazao wa Makhoja waliotoka Bara Hindi, wengi wao kupitia Zanzibar katika karne ya 19, ingawa si kila Khoja ni mfuasi wa Aga Khan, kwani wapo wengi walio Ithnaashari. Hospitali na shule za Aga Khan zinajulikana katika miji mikubwa, na kampuni inayochapisha gazeti la Taifa Leo nchini Kenya ilianzishwa na Aga Khan wa 4, aliyefariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025 na kurithiwa na mwanawe Rahim. Ngome ya Masyaf nayo ilikarabatiwa miaka ya mwanzo ya karne hii kwa ushirikiano wa mamlaka za Syria na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, miaka kadhaa kabla ya Altaïr kuonekana kwenye skrini.