Mficha uchi hazai: Bwana naye aende kwa daktari

BILA shaka umewahi kusikia kisa cha namna hii mtaani mwenu. Mwaka wa pili wa ndoa unakatika na mtoto haonekani. Mavyaa anaanza kunong'ona, majirani wanahesabu miezi, na bibi arusi wa juzi sasa anaitwa tasa. Hupelekwa kwa mganga huyu na daktari yule, huku mumewe ametulia nyumbani. Je, nani amempima yeye?

Ukweli ni kwamba katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume ana kasoro, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Wala jambo lenyewe si la nadra. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani mwake.

Wanaume wengi hudhani nguvu za chumbani ndizo uwezo wa kuzaa. La hasha! Mtu anaweza kuwa na nguvu za simba na bado manii yake yakawa na mbegu chache au dhaifu. Huenda chanzo ni mishipa iliyovimba kwenye korodani, matubwitubwi aliyougua baada ya kubaleghe, au kisonono ambacho hakikutibiwa vilivyo. Kwa mwanamke, kisonono na klamidia huweza kuziba mirija ya uzazi bila kumwonyesha dalili yoyote.

Basi muende lini? Mkijaribu kwa miezi 12 bila kufaulu, mwoneni daktari wa uzazi. Bibi akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Nendeni nyote wawili. Atawauliza kuhusu hedhi, maradhi ya zamani, sigara na pombe. Msimfiche, siri ya mgonjwa ni amana kwake.

Kipimo cha bwana ndicho chepesi zaidi. Baada ya siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, hutoa manii kwenye chupa safi nayo hupimwa maabarani. Akipimwa mapema, huenda bibi akaepushwa vipimo vya gharama na maumivu.

Na majibu yakiwa mabaya? Hiyo si hukumu. Mishipa iliyovimba huweza kupasuliwa. Mbegu mpya huchukua karibu miezi 3 kukomaa, kwa hivyo anayeacha sigara leo asitarajie mabadiliko kesho. Wanaohitaji kutungiwa mimba maabarani nao hawalazimiki kusafiri ng'ambo, kwani watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa humu nchini mwaka 2006. Hata hivyo, gharama yake ni kubwa, na ndiyo sababu ni heri kuanza na kipimo kile chepesi.

Bwana, wahenga walisema mficha uchi hazai. Kabla hujamlaumu mkeo, fuatana naye hadi kwa daktari.